Nyasi na vigingi kwanza, miti baadaye: kurudisha ukingo wa kijito Lindi na Mtwara

Ukingo wa mto huanza kufa miguuni. Maji huchimba chini, pale yanapogusana na udongo, na juu hubaki dari linaloning'inia. Ardhi ikishiba mvua za Machi, dari hilo huanguka pamoja na kila kilichopandwa juu yake. Ndiyo maana miche mingi inayopandwa kandokando ya vijito vyetu haifiki mwaka wa pili: imepandwa mdomoni mwa ukingo, juu ya pango. Maelezo haya ni ya kikundi cha kitongoji au mtaa, watu 10 hadi 30 wenye majembe yao na siku kadhaa za msaragambo, wanaotaka kuokoa kipande cha ukingo chenye urefu wa mita 100 hivi. Kazi ina mfuatano mmoja usiogeuzwa: mguu wa ukingo kwanza, nyasi pili, miti mwisho.

Tembeeni mto kabla ya kushika jembe

Wakati mzuri ni Juni au Julai. Mvua zimekatika, maji yametulia, na alama za mafuriko bado zinasomeka: takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, nyasi zilizolazwa upande mmoja, mstari wa tope kwenye magogo. Pigeni kigingi penye alama ya juu kabisa mliyoiona. Kigingi hicho ndicho kitakachowaambia baadaye mti gani upandwe wapi.

Msiishie kwenye kipande mnachotaka kukitengeneza. Pandeni juu yake walau kilomita moja. Mkikuta kalavati la barabara linalomwaga maji ya mvua kwa kishindo, au njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo, au mashimo ya udongo wa matofali pembezoni mwa maji, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kupanda chini bila kutibu juu ni kupoteza miche. Kwenye korongo dogo linaloingia mtoni, pangeni mawe au matawi yaliyofungwa vitita kukatiza mkondo, kila baada ya mita 5 hadi 10, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu ya kizuizi badala ya kukizunguka.

Kisha angalieni kona. Kwenye kona ya nje mto unakula udongo, kwenye kona ya ndani unatua mchanga. Kazi yenu kubwa iko kona ya nje. Kona ya ndani iacheni: mchanga ule utajiotea wenyewe nyasi na matete ukilindwa dhidi ya mifugo na wachimba mchanga.

Chukueni pia muda wa kukaa na wazee wa hapo. Swali ni jepesi: "Shikamoo mzee, zamani hapa mtoni palikuwa na miti gani?" Jibu mara nyingi litakuja kwa Kimwera, Kimakonde au Kiyao, na jina moja huweza kubeba miti miwili tofauti vijiji viwili jirani. Msiandike jina tu. Ombeni mwonyeshwe mti wenyewe, mkate kitawi chenye majani na tunda, mkihifadhi ndani ya gazeti. Afisa misitu wa wilaya atawathibitishia.

Ruhusa, na habari ya mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda eneo hilohilo. Watu wengi wanaijua mita 60 kama fimbo ya kufukuzia wakulima wa bustani. Ninyi itumieni kama ramani ya kazi: ndani ya mita hizo ndimo mnamopanda.

Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, jambo lifike kwenye mkutano wa kijiji na liandikwe kwenye muhtasari. Mito yetu iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Waandikieni barua mapema, hasa kama mnakusudia kuchonga ukingo au kuweka kitu chochote ndani ya mkondo. Kama kijito kina jumuiya ya watumia maji, kazi ipite mikononi mwao. Ukuta wa mawe na saruji msijenge wenyewe. Mara nyingi husukuma nguvu ya maji upande wa pili, na jirani ndiye anayepoteza shamba.

Mwenye bustani ya mchicha au mikorosho karibu na maji aongeleshwe nyumbani kwake, si mkutanoni mbele za watu. Mikorosho mikubwa iliyokwishaota ukingoni msiikate mwaka wa kwanza. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo kwa sasa. Kinachotakiwa ni kuacha kulima chini yake, kuacha nyasi zirudi, na kuacha kupulizia salfa upande wa mto. Salfa ikizidi huchachusha udongo, na unga ule hupeperuka mbali. Mashine ya kupulizia isioshwe mtoni.

Jambo moja husahaulika na huvuruga kazi yote: njia ya kuteka maji. Ukingo ukipandwa wote mfululizo, watu watakata njia katikati ya miche, na watakuwa na haki. Waulizeni akina mama wanaoteka ni wapi wanataka kushukia, mtengeneze mshuko mmoja wa upana wa mita 3 hivi, ulioelekezwa upande maji yanakokwenda, uliotandikwa mawe. Mifugo iwe na mshuko wake, chini ya pale watu wanapoteka.

Mimea ya wapi ikae wapi

Ukingo una ngazi tatu, na kila ngazi ina watu wake.

Mguuni, panapolowa karibu mwaka mzima, ni mahali pa matete, mafunjo na mkindu. Mkindu ni hazina: mizizi yake ni kama wavu, hukubali kufunikwa na mafuriko kwa siku kadhaa, na ukindu wake ni mikeka. Ila kwenye kijito chenye upana usiofika mita 3, matete yasipandwe kingo zote mbili. Yatakutana katikati, yataziba mkondo, na maji yatatafuta njia mpya shambani kwa mtu.

Katikati, panapofunikwa wakati wa mafuriko tu, ni pa ukoka chini na mikuyu, mizambarau pori na miwegea juu yake. Mkuyu ndio mti wa kutegemea kuliko yote kwa kazi hii, maana huchipua kutoka kwenye kigingi. Kuelekea midomo ya mito, maji yanakoanza kuwa na chumvi kidogo, mtomondo hushika vizuri. Mkifika kwenye mikoko yenyewe, hiyo ni kazi nyingine na ni hifadhi. Msiingie bila Wakala wa Huduma za Misitu.

Juu, nje ya alama yenu ya mafuriko, pandeni mkangazi, mkwaju, mkongo, mtalawanda, mvule. Mpingo nao unafaa hapa, sehemu kavu, kwa anayepanda kwa ajili ya wajukuu.

Visivyofaa vijulikane waziwazi. Mkaratusi unanyonya maji na chini yake hapaoti nyasi za kutosha. Mwarobaini, mjohoro na mlusina ni wageni wanaojisambaza wenyewe. Tayari wamejaa, hawahitaji msaada. Lantana ing'olewe na mizizi kabla haijazaa. Lakini msifyeke yote siku moja: ng'oeni kipande mnachoweza kukipanda msimu huohuo, kwa sababu gugu lililoshika udongo ni bora kuliko udongo mtupu unaosubiri Desemba.

Mabingobingo ni ya Afrika hii hii na hushika udongo haraka, na ng'ombe huyapenda. Ubaya wake ni kivuli. Yakikaribia miche kwa chini ya mita 2 yataimeza ndani ya msimu mmoja. Yapandwe mstari mmoja juu kabisa, upande wa shamba, yakatwe kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua.

Kalenda yetu

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katikati, mara nyingi Februari, hukatika kwa wiki mbili au tatu. Mwongozo wowote ulioandikwa kwa ajili ya mikoa yenye vuli na masika utawapoteza.

Julai na Agosti: kitalu na mbegu. Agosti hadi Oktoba, maji yakiwa chini kabisa: kuchonga ukingo na kujenga uzio wa fito mguuni. Hapa mnagongana na korosho, kwa sababu kuanzia Oktoba kila mtu yuko chini ya mikorosho. Kwa hiyo kazi nzito iishe Septemba. Desemba na mwanzo wa Januari: nyasi, vigingi hai vya mstari wa juu na miche. Baada ya tarehe 20 Januari msipande mche wowote; ukame wa Februari utaukuta haujashuka mizizi.

Mguu wa ukingo

Ukingo ulio wima kama ukuta haupandiki. Uchongeni ulale: kwa kila mita 1 ya kimo, rudini nyuma mita 2. Ukingo wa mita 1.5 unahitaji mita 3 za mlalo. Pasipo nafasi, kateni ngazi mbili, kila moja na upana wa nusu mita. Udongo unaotoka usisukumwe mtoni. Ubebwe kwa toroli hadi juu, nje ya alama ya mafuriko, au utumike kujazia nyuma ya uzio.

Uzio wa fito ni ufundi ambao karibu kila mtu aliyewahi kujenga nyumba ya udongo anao mikononi. Tofauti ni kwamba huu unafumwa kama tenga. Kateni vigingi vya mita 1.5, unene wa kifundo cha mkono. Mjohoro na mwarobaini vinafaa hapa, na ni njia nzuri ya kuwapunguza, ila vimenywe magome na vikaushwe wiki tatu, visije vikachipua. Matawi ya mkorosho yaacheni, yanaoza upesi. Nguzo za mikoko msiguse.

Pigeni vigingi mstari mmoja kwenye mguu wa ukingo, kimoja kila nusu mita, vizame sentimita 90, vibaki 60 juu. Kisha fumeni fito au mianzi iliyopasuliwa, huku nyuma, huku mbele, mkishindilia kila mstari kwa nyundo ya mti hadi pasiwe na tundu la kupitisha mkono. Nyuma yake jazeni matawi membamba, kisha udongo, mkikanyaga kila baada ya kina cha kiganja.

Ncha mbili za uzio ndizo zinazoua kazi. Uzio ukiishia ukingoni tu, mafuriko ya kwanza yataingia nyuma yake na kuung'oa wote kama mkeka. Ncha zote mbili zikunjwe ziingie ndani ya ukingo mita 1 nzima, kwenye mtaro uliochimbwa na kushindiliwa. Mkiwa na muda wa kufanya sehemu moja kwa ubora wa hali ya juu, fanyeni hiyo. Kimo cha uzio kisizidi usawa wa maji ya kawaida ya msimu wa mvua. Ukiwa mrefu zaidi unakuwa bwawa na utabebwa.

Watu 10 wenye zana wanaweza kumaliza mita 12 hadi 15 kwa siku. Zana zenyewe: mitaimbo 2, nyundo za mti 3, mapanga, sururu, makoleo, toroli 1, kamba ya katani. Mnaofanya kazi ndani ya maji vaeni buti za mpira. Vijito vya mwendo wa pole huku vina konokono wa kichocho, na wadudu wake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo kazi ya majini iwe ya asubuhi. Kwenye mito yenye mamba, kama Ruvuma, mguuni hapafanyiwi kazi na watu wa kujitolea hata kidogo.

Vigingi hai

Vigingi hai ni vipande vya matawi mabichi vinavyochipua vikipandwa. Huu ndio moyo wa kazi yote, na ndipo makosa madogo yanapogharimu zaidi.

Tawi la mkuyu la kukata liwe na umri wa miaka miwili hivi: gome limekomaa, si kijani tena, ila halijapasuka. Unene kati ya kidole gumba na kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 80 hadi 100. Kateni asubuhi na mapema. Upande wa chini kateni mshazari, upande wa juu kateni sawa. Hii si urembo: ndiyo alama pekee mtakayokuwa nayo saa nne asubuhi, vigingi 200 vikiwa vimerundikwa kivulini na watu 15 wakivichukua ovyo. Kigingi kilichopandwa kichwa chini hufa, na hakionyeshi kimekufa mpaka miezi miwili ipite. Pukuteni majani yote. Utomvu mweupe ukitoka, laza vigingi kivulini hadi kesho yake ukauke, mkivifunika kwa gunia bichi. Mti wa mbaamwezi nao hushika kwa njia hii. Wenyewe upewe siku tatu hadi tano za kivuli, la sivyo huoza ukizamishwa kwenye udongo wa maji.

Msigonge kigingi moja kwa moja ardhini. Kichwa kitapasuka na gome la chini litavuliwa kama ganda la ndizi, na gome hilo ndilo linalotoa mizizi. Tangulizeni mtaimbo. Tobo liwe jembamba kidogo kuliko kigingi na liende sentimita 60. Ingizeni kigingi theluthi mbili ya urefu wake, mkikigonga polepole kwa gongo la mti, kisha mimineni maji nusu kopo pembeni na kukanyaga kwa kisigino pande zote. Maji hayo ni ya kufukuza hewa. Tundu la hewa likibaki chini, mizizi inayochipuka inakutana na utupu inakauka. Mkivuta kigingi kwa mkono mmoja kikatikisika, kirudieni.

Kwa mita 100, mistari miwili juu ya uzio, kigingi kila nusu mita na mistari ikipishana, mnahitaji vigingi 400. Kateni 450. Mstari wa chini kabisa, ambako udongo ni mbichi hata Septemba, unaweza kupandwa mara uzio unapoisha. Wa juu usubiri mvua.

Msikate mkuyu mmoja hadi uwe uchi. Matawi 10 hadi 15 kwa mti mkubwa yanatosha, kutoka kwenye miti mingi tofauti.

Nyasi na magunia ya korosho

Mvua mbili kubwa zikishanyesha, chimbeni kidogo kwa jembe. Udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 30, pandeni nyasi siku hiyohiyo.

Mistari ifuate usawa wa ardhi, isishuke. Fremu A inatosha: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mti wa kukingama katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi kutoka kileleni. Kabla ya kuitumia, isimamisheni, wekeni alama uzi unapogusa mti wa kukingama, kisha mgeuze miguu ibadilishane nafasi na kuweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Bila kuigeuza mtakuwa mnapima upotofu wa fremu yenyewe.

Ukoka uchimbwe na mizizi yake, ukatwe vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, vifundo viwili vifukiwe. Nafasi ni sentimita 20 kati ya shina na shina na 30 kati ya mistari. Ukanda wa mita 100 kwa 3 unakula mashina 5,000 hivi. Idadi inatisha, lakini magunia sita au saba ya ukoka yaliyojaa vizuri yanatosha, na watoto wa shule hupanda kwa kasi kuliko watu wazima. Matete yapandwe kwa vipande vya mzizi vyenye jicho, urefu wa sentimita 30, vikilazwa kwa kina cha kiganja. Mkindu upandwe kwa machipukizi yanayotoka kwenye shina mama: chagueni yenye kimo cha goti na mizizi yake yenyewe, majani yakatwe nusu. Chipukizi lisilo na mzizi halishiki, hata likinyweshwa kila siku.

Penye mteremko mkali na udongo mtupu, tumieni magunia makuukuu ya korosho. Yale ya jute, yasiyofaa tena kupeleka ghalani, yakifumuliwa na kulazwa juu ya udongo hupunguza makali ya matone ya mvua, na ndani ya mwaka mmoja au miwili huoza na kuwa mbolea. Gunia moja hufunika karibu mita 1.5 za mraba. Yakazwe kwa vijiti vya sentimita 30, kila nusu mita, la juu lilalie la chini kwa kiganja kimoja, kama makuti ya paa yanavyolaliana. Toboeni na kupanda ukoka katikati ya nyuzi. Sandarusi, yaani gunia la plastiki, haifai hata kidogo: haiozi, huchanika nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo huishia baharini.

Miti

Mchanganyiko wa kujaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, ni madebe 3 ya udongo wa msituni, 1 la mchanga na 1 la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kila mbegu ina tabia yake. Mbegu ya mkangazi hupoteza uhai ndani ya wiki chache, basi ioteshwe mara kijaluba kinapopasuka. Zambarau pori ndiyo yenye haraka zaidi: ikikauka imekufa, iparuliwe nyama na kupandwa siku ileile, na mche wake uende ukingoni msimu unaofuata. Mkwaju hutaka kulowekwa usiku kucha kwenye maji yaliyochemshwa kisha kuepuliwa. Mkongo uondolewe kofia yake nyekundu. Mtalawanda huota kirahisi, funikeni kwa udongo mwembamba tu.

Mche wa kupanda uwe na kimo cha sentimita 30 hadi 50. Wiki tatu kabla, punguzeni kivuli na maji ili uzoee. Shimo ukandani katikati liwe la sentimita 30 kwa 30 tu. Shimo kubwa kwenye mteremko ni mwanzo wa korongo jipya. Juu, sehemu kavu, chimbeni sentimita 45 hadi 60. Kiriba kitolewe chote. Mzizi uliojizungusha chini kama kamba ukatwe kwa wembe, vinginevyo mti utajinyonga mwenyewe baada ya miaka minne. Upande wa chini wa kila mche wekeni tuta la nusu mwezi la kukinga maji, matandazo yakae kiganja kimoja mbali na shina kwa sababu ya mchwa.

Nafasi ni mita 3 kwa 3 kwa kupishana. Ukanda wa mita 100 kwa 10 unachukua miche 110, oteshe­ni 150. Mikangazi isipandwe pamoja mingi. Kuna nondo ambaye kiwavi wake hutoboa ncha changa, mti ukatoa matawi mengi mafupi kama ufagio. Ikichanganywa na miti mingine, mkangazi mmoja kati ya miche sita au saba, madhara hupungua. Na mti mkubwa usipandwe karibu na mdomo wa ukingo kwa umbali ulio mfupi kuliko kimo cha ukingo wenyewe. Mkiona ufa unaofuatana na ukingo, pandeni nyuma ya ufa.

Miaka mitatu ya ulinzi

Mbuzi mmoja humaliza kazi ya siku nzima ya watu 20 kwa saa moja. Matawi ya mgunga yenye miiba yazunguke kila mche wa juu, na kijiji kikubaliane faini kabla mbuzi wa kwanza hajaingia. Ikikubaliwa baadaye inaonekana imemlenga mtu.

Moto ni adui wa Septemba na Oktoba, watu wanapoandaa mashamba. Kufikia Agosti, palilieni njia ya moto yenye upana wa mita 4 upande wote wa mashamba, pakwanguliwe hadi udongo uonekane.

Palizi ifanywe mara mbili msimu wa kwanza, Januari mwishoni na Machi, kwa kuzungushia mche nusu mita tu. Msilime. Ukame wa Februari ukipita siku 10, miche ya juu ipewe lita 5 kila mmoja, mara moja kwa wiki, jioni. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa na kufukiwa kichwa chini jirani na mche huokoa safari nyingi.

Baada ya kila mafuriko nendeni ndani ya siku mbili. Mche uliofukiwa na tope hufa ndani ya wiki. Ufukuliwe kwa mkono, si kwa jembe. Tengenezeni fito zilizochomoka siku hiyo hiyo. Mwezi Mei pia msilegee: kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wengi walishahesabu mvua zimekwisha, na mafuriko yakakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi.

Hesabuni miche Juni na Novemba, kila aina peke yake. Ikibaki chini ya 60 katika 100, msikimbilie kupandia mapengo. Ng'oeni michache iliyokufa na muitazame mizizi. Iliyooza inasema mmepanda chini mno. Iliyokauka ikiwa bado na umbo la kiriba inasema mmechelewa kupanda au udongo ulikuwa mgumu. Shina lililoguguniwa linasema uzio.

Ukindu usivunwe kabla ya mwaka wa tatu, na hata hapo mkindu mmoja utolewe kuti changa moja, moyo usiguswe. Uzio wa fito utakuwa umeoza kufikia wakati huo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kwenye maji ya chini ya Septemba, fukueni kwa vidole nyuma ya fito zilizooza. Mkikuta mizizi myekundu ya mikuyu imefumana kuliko fito zilivyofumwa, kipande hicho kimekamilika, na vigingi vya kipande kinachofuata vinaweza kukatwa kutoka kwenye mikuyu hiyohiyo.